Mfupa wa Ishango: urithi wa Ziwa Edouard unaolala Bruxelles

HIMBI, GOMA – Katika familia zilizokimbilia mji wa Goma kwa sababu ya vita wamo watu wa Rutshuru, Lubero na Beni, maeneo yanayopakana na Ziwa Edouard. Watoto wao wanakulia kando ya Ziwa Kivu, na wengine hawajaona kwao hata siku moja. Jina la kwao wanalisikia kwenye habari za mapigano tu. Lakini kando ya ziwa hilo kuna mahali panaitwa Ishango, na wataalamu wa hesabu duniani kote wanapajua.

Ishango iko eneo la Beni, ndani ya Hifadhi ya Virunga, pale mto Semliki unapotoka ziwani. Anayefika hapo hakuti kuta za mawe kama za Kilwa au Gedi kule pwani. Magofu ya huku yamefunikwa na udongo: mifupa ya samaki na wanyama, mawe ya kusagia, na vyusa vya mfupa, yaani ncha za mikuki ya kuvulia samaki.

Mwaka 1935 Mbelgiji Hubert Damas, aliyekuja kuchunguza maziwa yetu, aliokota hapo mabaki ya kale. Mwaka 1950 akaja Mbelgiji mwingine, Jean de Heinzelin, mtaalamu wa miamba, akachimba kwa utaratibu. Ndipo alipoupata mfupa mdogo wa rangi ya kahawia, urefu wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha jiwe gumu kilichochomekwa kwenye ncha moja.

Mfupa huo una mikato 168 iliyopangwa katika safu tatu. Safu mbili zina mikato 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Katika safu moja makundi ni 11, 13, 17 na 19, namba ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. De Heinzelin aliona hapo mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliona kalenda ya kufuata mwezi. Ubishi huo haujaisha. Umri nao umebadilika: de Heinzelin alikadiria miaka michache zaidi, lakini vipimo vya baadaye vimefikisha miaka kama 20,000.

De Heinzelin aliandika pia kwamba kijiji hicho cha wavuvi kilifunikwa na majivu ya volkano. Watu wa Goma hawahitaji kueleweshwa jambo hilo. Waliikimbia Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, wakaikimbia tena tarehe 22 Mei 2021. Kuhama na kuanza upya ni habari ya zamani sana katika nchi hii.

Na Ishango si ya zamani kuliko zote. Kilomita chache kutoka hapo, Katanda, ukingoni mwa Semliki, Wamarekani Alison Brooks na John Yellen walichimba vyusa vinavyokadiriwa kuwa na miaka 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Ni kambare hao hao ambao wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanawajua mpaka leo.

Mfupa wenyewe uko Bruxelles, katika jumba la makumbusho la sayansi ya viumbe na mazingira. Ulipelekwa huko kabla ya uhuru wa 1960. Mkongomani anayeishi Ubelgiji anaweza kwenda kuuona. Mtoto wa Kyavinyonge, aliyezaliwa karibu na mahali ulipotoka, hana njia hiyo. Nayo Virunga, iliyoandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1979, iko tangu 1994 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Mfupa ukiwa mbali, ujuzi wa mahali bado uko kwa wenyewe. Wazee na wavuvi waliohama ndio wanaojua majina ya vilima, vijito na fukwe, na wapi jembe huwa linagonga mawe yaliyochongwa. Majina hayo yakiandikwa kwenye daftari la mtoto sasa, siku njia zitakapofunguka hatakwenda kwao kama mgeni. Na atakayekuta kitu cha kale huko, akiache palepale na kuwaambia walinzi wa hifadhi. Kikishang'olewa mahali pake, nusu ya habari yake imepotea.