Dante na mwalimu aliyemwacha motoni

Kwa muda mrefu niliamini kwamba utenzi wa Dante ni kisasi tu. Hebu fikiria: mwaka 1302 wapinzani wake wa kisiasa waliokuwa wameitwaa Florence walimtia hatiani kwa rushwa, na wiki chache baadaye wakaamuru achomwe moto akikamatwa. Mtu kanyang'anywa mji wake, basi anaandika habari za Jehanamu na kuwatupa humo maadui. Hata Papa Boniface VIII katengewa nafasi. Safari ya utenzi ni ya mwaka 1300, Papa yu hai, lakini huko chini anasubiriwa tayari. Kama hicho si kisasi, ni nini?

Kisha nikafika wimbo wa 15, nikakwama. Chini ya mvua ya moto mtu mmoja anamshika Dante upindo wa vazi. Uso umeungua, ila Dante anamtambua: ni Brunetto Latini, mwanazuoni aliyemfunza ujanani. Dante anainamisha kichwa kwa heshima, anatembea naye, anamshukuru. Halafu anamwacha palepale.

Ikanibidi nirudi wimbo wa 10, kwa Farinata, kiongozi wa kundi lililopigana na wazee wa Dante. Naye yumo Jehanamu, lakini amesimama wima katika kaburi la moto, na Dante anampa nafasi ya kukumbusha kwamba baada ya vita vya Montaperti, mwaka 1260, ni yeye peke yake aliyekataa Florence isibomolewe.

Kumbe! Mlipa kisasi huwaficha marafiki makosa yao na huwanyima maadui sifa zao. Dante hakufanya hivyo. Sisemi hana hasira, anayo tele. Ila alijaribu kuwapa watu mizani ambayo mahakama ya Florence ilimnyima yeye.

Alifariki Ravenna mwaka 1321, hakurudi kwao. Kaburi ambalo Florence ilimjengea katika kanisa la Santa Croce ni tupu mpaka leo, mifupa iko Ravenna.

Nami ninaye mwalimu ninayempenda, na kuna kosa lake moja nimelinyamazia miaka yote nikijiambia ni adabu. Tangu nisome wimbo wa 15, sina hakika tena kama ni adabu au ni woga.