Wahusika wa Kuchorwa katika Magazeti ya Kiswahili

Ubunifu wa wahusika, yaani kazi ya kumpa mtu wa kuchorwa sura, mavazi na mwenendo vitakavyomtambulisha kabla hajatajwa, ulikomaa Afrika Mashariki magazetini: Edward Gitau alimchora Juha Kalulu nchini Kenya tangu miaka ya 1950, naye Christian Gregory akamchora Chakubanga katika gazeti la *Uhuru*, Dar es Salaam. Miaka ya 1980 kijana Philip Ndunguru, aliyechorea jarida la *Sani*, alionyesha kipaji adimu kwelikweli, kwa kuwa katika uchapaji wa wino mweusi, usiosaidiwa na rangi, mhusika alitegemea mstari na umbo la mwili pekee. Ndunguru alifariki mwaka 1986, akiwa bado kijana.