Maini Yenye Uvimbe wa Maji Siku ya Kuchinja: Usimtupie Mbwa



Kila inapokaribia 'Iydul-Adhw-haa hurudi swali hili: "Tumempasua mbuzi tukakuta ini lina uvimbe wenye maji. Je, nyama inaliwa? Na ini lenyewe tulifanye nini?" Wengi hushughulika na swali la kwanza, na la pili hulimaliza pale pale kwa kumrushia mbwa anayesubiri pembeni. Hapo ndipo penye hatari.

Ugonjwa wenyewe

Uvimbe wa aina hiyo mara nyingi ni wa ugonjwa wa hidatidi. Huletwa na tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 7 tu. Mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu ya tegu hao naye akaonekana mzima kabisa.

Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa na kuangukia majani na maji. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia huyala malishoni, kisha viluwiluwi hujenga mifuko ya maji katika maini na mapafu yake. Mbwa akila kiungo hicho kibichi, baada ya wiki sita au saba huanza kutoa mayai mapya. Mzunguko umekamilika.

Mwanadamu huambukizwa vipi?

Wengi hudhani ni kwa kula ini lenye uvimbe. Sivyo. Mtu huambukizwa kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa: kwa mikono iliyomshika mbwa, mboga zisizooshwa, au maji yaliyochafuliwa. Watoto wanaocheza na mbwa wamo hatarini zaidi. Kwa hiyo ini ulilomtupia mbwa leo laweza kurudi nyumbani kwako kwa njia ya manyoya yake.

Ndani ya mwili wa mtu uvimbe hukua polepole, pengine kwa miaka mingi bila maumivu, hasa katika ini na baadaye mapafu. Ukipasuka, mtu anaweza kupatwa na mshtuko wa mzio unaoua kwa muda mfupi. Hugunduliwa kwa altrasaundi, na hutibiwa kwa albendazoli au upasuaji, kwa kadiri daktari atakavyoona.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizojulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huu, na katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilianza kazi huko ya kuudhibiti. Aislandi nayo iliteseka sana katika karne ya 19, lakini watu walipofundishwa kuharibu viungo vyenye uvimbe na kuwadhibiti mbwa wao, ugonjwa ulitokomea.

Upande wa sheria

Hadiyth ya Al-Baraa bin 'Aazib (Radhwiya Allaahu 'anhu) kuhusu wanyama wasiofaa kwa udhw-hiya inataja maradhi yaliyo dhahiri. Uvimbe uliofichika ndani hauonekani kabla ya kuchinja. Mwenye shaka amuulize mwanachuoni wake. Kuhusu nyama iliyobaki, mkaguzi wa nyama ndiye wa kuamua kama ni salama. Kulifukia ini bovu si israfu, bali ni kuzuia madhara, na Uislamu umekataza kudhuru na kudhuriana.

Ama kuosha mara saba chombo alichoramba mbwa, mojawapo kwa udongo, hiyo ni amri iliyothibiti, nasi tunaitekeleza kwa kuwa ni amri. Hatusemi kuwa sababu yake ni tegu huyu. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa, na anayemfuga ana wajibu wa kumtunza.

La kufanya

1. Mfunge mbwa mbali na mahali pa kuchinjia.
2. Usiutoboe uvimbe. Kata kiungo chote ukitenge.
3. Kichome moto, au kifukie shimo refu na kuweka mawe juu ili mbwa wasifukue.
4. Ukitaka kumpa mbwa matumbo au mapafu, yachemshe kwanza kwa muda usiopungua nusu saa.
5. Mpe mbwa dawa ya minyoo ya prazikwanteli kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Penye ugonjwa huu hurudiwa mara kwa mara, kwani mbwa huambukizwa tena.
6. Osha mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula, na uoshe mboga vizuri.

Wasimamizi wa misikiti wanaopanga uchinjaji wa pamoja wachimbe shimo la taka kabla ya siku ya 'Iyd, na waweke mtu wa kulisimamia.

Wa-Allaahu A'lam.