Meri ya Bujumbura: Historia Fupi ya Ofisi Iliyoishi kwa Soko

Juni 5, 2025, wakazi wa Bujumbura walipiga kura wakiwa watu wa mkoa mmoja na ndugu zao wa Bubanza, Cibitoke na Bujumbura Vijijini. Sheria ya Machi 16, 2023 ilikuwa imepunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Meri ya Bujumbura, yaani serikali ya jiji lililohesabiwa kuwa mkoa peke yake, ikatoweka kwenye ramani ya utawala. Si jiji la kwanza la ukanda huu kupatwa na hayo. Halmashauri ya Jiji la Nairobi iliondoka mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi, na ile ya Dar es Salaam ilivunjwa Februari 2021. Ofisi ikifutwa, watu wake huihesabia mema na mabaya, na kwetu hesabu hiyo huanzia sokoni.

Kabla ya Mjerumani kujenga boma lake Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, wafanyabiashara wa Kiswahili kutoka Ujiji walikuwa wakipita kando ya Ziwa Tanganyika na bidhaa zao. Mwaka 1916 Mbelgiji alimwondoa Mjerumani, kisha akaufanya mji huu kitovu cha utawala wa Ruanda-Urundi. Aliupanga kwa rangi: Wazungu mahali pao, Wahindi na Waarabu katika mtaa wa Waasia, Waafrika Buyenzi na Belge, mtaa ambao leo ni Bwiza. Katika miaka ya 1950 shirika la nyumba lililoitwa OCAF likajenga Ngagara, na mpaka leo wapo wazee wanaoiita Okafu. Mji huo ulikuwa na machifu wa mitaa na karani wa kodi. Baraza lililochaguliwa na wenyeji halikuwapo.

Siasa ya kujitawala ilipofika, ilipitia mlango wa biashara. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na miongoni mwa waliomwunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Buyenzi. Katika uchaguzi wa tarafa wa mwishoni mwa 1960, Wabelgiji walimfungia Rwagasore nyumbani, na chama chake cha UPRONA kikapata viti 545 tu kati ya 2,876. Haukupita mwaka: Septemba 18, 1961 chama hichohicho kilichukua viti 58 kati ya 64 vya bunge. Oktoba 13 Rwagasore aliuawa kwa risasi, hapahapa mjini, kwenye mkahawa wa hoteli ukingoni mwa ziwa. Uhuru ulipofika Julai 1962, Usumbura ikawa Bujumbura.

Baada ya mapinduzi ya Novemba 1966 utawala wa chama kimoja uliziba pumzi ya siasa za mtaani kwa miaka mingi. Meya alikuwa mtu wa Rais. Vita vilivyoanza 1993 viliugawa mji kwa kabila, na mwaka 1995 mtaa wa Kamenge ulibaki karibu mtupu. Sura hiyo naipita upesi, si kwa udogo wake, bali kwa kuwa inastahili kitabu kizima.

Mageuzi ya kweli yaliletwa na sheria ya Aprili 20, 2005. Kila tarafa ikapata baraza la watu 15 waliochaguliwa na wananchi, nao wakamchagua musitanteri, yaani msimamizi wa tarafa, kutoka miongoni mwao. Bujumbura wakati huo ilikuwa na tarafa 13: Buterere, Buyenzi, Bwiza, Cibitoke, Gihosha, Kamenge, Kanyosha, Kinama, Kinindo, Musaga, Ngagara, Nyakabiga na Rohero. Kabla ya uchaguzi wa 2015 ziliunganishwa kuwa tatu, Muha, Mukaza na Ntahangwa, na zile za zamani zikashuka kuwa zoni. Lakini juu ya wote hao alikaa meya aliyewekwa na Rais. Mwananchi alimchagua mwenye kalamu ya chini. Mwenye kalamu ya juu alitoka kwingine. Saidi Juma, Freddy Mbonimpa na Jimmy Hatungimana, mameya wa miaka ya mwisho, wote walifanya kazi ndani ya mpango huo.

Kazi iliyoifikisha Meri ndani ya nyumba za watu ilikuwa ya makaratasi. Mei 2006 serikali iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa wanaojifungua. Mzazi aliyekuwa hajali cheti cha kuzaliwa akakimbilia ofisini, maana bila karatasi ile msamaha huo ulikuwa mgumu kuupata. Mwaka 2017 ikaja amri ya wanaoishi pamoja bila ndoa kuhalalisha mambo yao kabla ya mwaka kwisha, na madawati ya tarafa yakajaa mabibi harusi na mabwana harusi, wengine tayari na watoto wanne. Karangamuntu, yaani kitambulisho, vyeti vya ukaazi, daftari la kaya, mashauri ya viwanja: vyote vilianzia kwa nyumbakumi na mkuu wa mtaa.

Na fedha? Meri iliishi kwa ushuru wa masoko, maegesho, kodi za nyumba na viwanja, na ada za karatasi. Soko kuu la katikati ya mji ndilo lililokuwa moyo wa biashara ya nchi nzima, likiendeshwa na kampuni ya SOGEMAC. Asubuhi ya Jumapili, Januari 27, 2013, liliungua. Zimamoto hawakuwa na nguvu ya kutosha, hata Rwanda ikatuma helikopta kusaidia. Wafanyabiashara walibaki na madeni ya benki bila bidhaa, wakatawanyika kwenda masoko ya Kwa Siyoni, Ruvumera, Kotebu na Jabe. Magofu yakakaa katikati ya mji miaka na miaka. Kwa maoni yangu Meri ilianza kufa siku hiyo, miaka kumi kabla ya sheria kuandikwa. Jiji lisiloweza kujenga upya soko lake lina haki gani ya kudai ushuru?

Mwaka uliofuata, usiku wa Februari 9, 2014, mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika mitaa ya kaskazini. Mito ya Ntahangwa na Muha bado inakula kingo na nyumba zilizo juu yake, na kazi ya kuizuia imezidi mfuko wa tarafa yoyote. Mifereji na maji taka viliwahi kuwa mikononi mwa shirika la SETEMU, lililoelemewa na madeni hadi likafutwa. Taka za majumbani zikaachiwa zaidi vikundi vinavyolipwa na kaya. Serikali kuu ilipoanza kuipa kila tarafa faranga milioni 500 kwa miradi, ilikuwa nafuu ya kweli, ila fedha hizo zilikuja na masharti yaliyopangwa juu. Nguvu nazo zilikuwa hukohuko juu: Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipoondolewa katikati ya mji, amri ilitoka wizara ya mambo ya ndani, siyo Meri.

Mkoa mpya wa Bujumbura una tarafa 11. Majina ya Mukaza na Ntahangwa yamebaki. La Muha halimo. Kwa mabaraza mapya nina ombi moja: kila mwezi bandikeni ukutani, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ushuru mliokusanya sokoni na mlichoufanyia.