Maji Ukutani: Historia ya Kuta za Ushetu na Nafasi ya Uvukizaji katika Modeli za Nishati ya Majengo

Modeli za kompyuta zinazokadiria joto ndani ya majengo kwa kawaida huuchukulia ukuta kuwa mkavu. Historia ya ujenzi Ushetu, eneo lililomegwa kutoka Wilaya ya Kahama mkoani Shinyanga, inaonesha kuwa suala la maji ukutani halikuwa dogo kwa wajenzi wa eneo hilo. Hoja ya makala haya ni kwamba wajenzi hao waliyazuia maji yasifike ukutani kwa sababu ya msingi, na kwamba modeli inayofaa Ushetu haina budi kuizingatia sababu hiyo.

Nyumba ya asili ya Wanyamwezi na Wasukuma ilikuwa msonge: kuta za miti na udongo chini ya paa la nyasi lenye umbo la pia. Katika karne ya 19 tembe nalo, lenye kuta nene na paa bapa la udongo, lilienea Unyamwezi. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ndilo walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ubaridi wa nyumba hizi ulitokana hasa na unene wa udongo, ambao huchelewesha joto la mchana, na kivuli cha paa. Upenu mpana wa msonge uliikinga kuta isilowe, kwa kuwa udongo uliolowa hupoteza nguvu na kumomonyoka.

Hata hivyo, nguvu ya maji kupoza ilifahamika vema. Mtungi wa udongo huvuja kidogo kidogo kupitia vitundu vyake, na maji yanayofika nje hugeuka mvuke yakichukua joto la yale yaliyobaki ndani. Lita moja ya maji ikivukizwa huchukua takribani kilojuli 2,400. Kwa kipimo hicho, ukuta wa meta za mraba 10 unaovukiza lita moja kwa saa hupoteza joto linalokaribia wati 670. Maarifa ni yale yale. Tofauti ni kwamba mtungi uliachwa ulowe, ukuta ukakingwa.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Katika miongo iliyofuata, bati, matofali ya kuchoma na lipu ya saruji vilizidi kuwa alama ya nyumba bora. Kuchoma matofali kulihitaji kuni, kama yalivyozihitaji mabani ya kukaushia tumbaku, zao kuu la biashara Ushetu. Ukuta mpya ulistahimili mvua, lakini bati lisilo na dari lilishusha joto moja kwa moja chumbani, na upenu mara nyingi ulifupishwa.

Je, modeli zinauonaje ukuta huo? EnergyPlus, programu iliyotolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 2001, hutumia kanuni rahisi mvua inaponyesha: uso wa nje ulio wazi huhesabiwa kuwa umelowa na kuletwa karibu na jotoridi la kipimajoto kilichofungwa utambi wenye maji. Mvua ikikoma, kanuni hiyo nayo hukoma, ilhali ukuta halisi huendelea kukauka kwa saa nyingi. Programu hiyo ina pia njia ya kufuatilia joto na unyevu kwa pamoja, lakini njia hiyo hudai vipimo vya udongo wenyewe.

Kwa hiyo, pendekezo la kulowesha kuta ili kupoza nyumba lisipimwe kwa nyuzi za joto peke yake. Miezi ya kiangazi, ambapo hewa kavu ingefaa zaidi kwa uvukizaji, ndiyo miezi ya uhaba wa maji. Aidha, ukuta wa udongo unaopozwa kwa maji huchakaa kwa maji hayo hayo. Modeli itakayohesabu joto, maji na uhai wa ukuta kwa pamoja ndiyo itakayokaribia uamuzi ambao wajenzi wa msonge walikwisha kuufanya.