Maneno ya Kiingereza ya Herufi Nne: SAME na Ndugu Zake

Tayarisheni kalamu na daftari. Leo tutajifunza maneno ya Kiingereza yenye herufi nne, ambayo herufi yake ya pili ni A na ya mwisho ni E. Tutaanza na lile ambalo kila mtu wa Upare amekwisha kuliona: S-A-M-E.

Ukisafiri kutoka Tanga kwenda Moshi, utaliona neno hili mjini Same, chini ya milima ya Upare. Wenyeji hulisoma Sa-me, kwa silabi mbili, na kila herufi hupata haki yake. Mwingereza akiziona herufi hizo hizo husoma “seim”, silabi moja tu, na maana yake kwake ni “ile ile” au “sawasawa”. Mjerumani naye, aliyetawala hapa kabla ya Waingereza na kujenga reli ya kutoka Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911, analo neno hilo katika lugha yake. Hulitamka “zame”, na maana yake ni mbegu. Na jina la milima yenyewe, P-A-R-E, Mwingereza hulisoma “pea”. Kwake maana yake ni kumenya, kama umenyavyo kiazi kwa kisu.

Sasa yafaa tuulize: mbona Mwingereza huandika E mwishoni asiitamke? Jibu limo katika historia. Zamani aliitamka. Katika siku za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, E ya mwisho ilikuwa bado ikisikika katika maneno mengi, na A ilitamkwa “a” kama yetu. Mwingereza wa miaka mia saba iliyopita, kama angaliletwa mbele ya kibao cha mji wa Same, angalikisoma karibu sawa na Mpare!

Baadaye matamshi yakabadilika kidogo kidogo. E ya mwisho ikanyamaza, na A ndefu ikageuka kuwa “ei”. Lakini mwaka 1476 William Caxton alikuwa ameleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza, na vitabu vikaanza kuyashika maandishi yasibadilike. Vinywa vikaenda mbele, herufi zikabaki nyuma. Kiswahili hakikupata taabu hiyo. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maandishi ya herufi za Kirumi yalienezwa na watu kama Edward Steere wa Unguja katika karne ya 19, nayo yakasanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo tuandikavyo ndivyo tusemavyo.

Hata hivyo E iliyonyamaza haikukosa kazi. Humwonyesha msomaji namna ya kuitamka A. Tazama: M-A-D ni “mad”, mwenye wazimu, tia E, utapata “meid”, iliyotengenezwa, neno uonalo chini ya vikombe na sahani. R-A-T ni panya. Tia E, utapata “reit”, yaani kiwango. Basi andika maneno haya:

NAME (neim): jina. Hutangulia katika fomu nyingi.
DATE (deit): tarehe, pia tunda la tende.
SALE (seil): mauzo.
GAME (geim): mchezo, pia wanyama wa mwituni wawindwao. Ndiyo sababu Mkomazi, karibu na Same, ilipotengwa mwaka 1951 iliitwa kwa Kiingereza “Game Reserve”, kabla haijawa hifadhi ya taifa.
FARE (fea): nauli. Angalia: R ikija kabla ya E, sauti huwa “ea”, kama katika PARE.
RATE (reit): kiwango, kwa mfano cha kodi.

Neno hili la mwisho lina habari yake Upare. Wakati wa Waingereza watu walilipa kodi ya kichwa kwa kiwango kimoja. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili watawala wakaleta kodi ya nyongeza, yenye viwango mbalimbali kwa kadiri ya mali ya mtu. Wapare wakaiita mbiru, jina la Kipare la ushuru waliotozwa wazee wao na watawala wa kale. Watu walinung’unikia hasa makadirio: nani aipimaye mali ya mwenzake, na kwa kipimo gani? Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same, kwenye makao ya wilaya, wakaikataa. Walitaka kiwango kimoja kwa wote, na kwa Kiingereza maneno hayo ni mawili ya somo letu: “same rate”. Wanawake wa Usangi nao wakamkabili mkuu wa wilaya uso kwa uso. Shauri lilichukua muda mrefu, lakini mwisho kodi ile ikaachwa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliyaandika mambo hayo katika kijitabu chake Mbiru, kilichotoka mwaka 1971.

Yafikirini hayo, ndugu. Sheria za siku zile ziliandikwa kwa Kiingereza, na wengi walioguswa nazo iliwapasa kungoja mtu mwingine awaambie zilivyosema. Hata leo mikataba, maelezo ya dawa na karatasi za benki nyingi huja kwa lugha hiyo. Aijuaye tofauti ya “rat” na “rate” hawezi kudanganywa kwa urahisi.

Kazi ya juma hili: chukua herufi L, T na G. Weka kila moja mbele ya A. Kisha utafute herufi ya tatu, na mwisho utie E, upate maneno yenye maana ya kuchelewa, kuchukua, na lango. Yasome kwa sauti mbele ya mwenzako, naye akusahihishe. Kwa herini mpaka somo lijalo.