Chakula kilichobaki sokoni: kutoka Phoenix mpaka Mudaka

Jua likianza kushuka, mama wauzaji wa soko la Mudaka, katika eneo la Kabare, wanachambua nyanya zao. Zile ngumu zinarudi kitungani kungoja kesho. Zile laini zinauzwa bei ya chini, na zisipopata mnunuzi zinatupwa. Karibu na hapo, katika nyumba iliyopokea wahami wa vita, mama mwingine anajiuliza watoto watalala wamekula nini. Mmoja hana habari za mwenzake.

Shida hii si ya Mudaka tu. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ilitupwa majumbani. Barani Afrika, chakula kingi huharibika mapema zaidi: shambani, njiani na ghalani.

Mwaka 1967, mjini Phoenix, Marekani, John van Hengel alikutana na mama aliyelisha watoto wake vyakula vizima vilivyotupwa na duka. Mama huyo alisema ingefaa pawe na mahali kama benki: mwenye ziada aweke, mwenye njaa achukue. Hivyo ikazaliwa benki ya chakula. Wazo hilo limefika mpaka Kenya, ambako Food Banking Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2017, hukusanya mazao yaliyokosa soko na kuyapeleka kwa wenye uhitaji.

Lakini benki ya namna hiyo inadai ghala na gari. Ujerumani, mwaka 2012, watu walianzisha foodsharing: mwenye chakula anatangaza kwenye intaneti, jirani anakuja kuchukua bure. Mwaka 2015, mjini London, Tessa Clarke na Saasha Celestial-One wakaanzisha programu ya simu iitwayo Olio. Kabla ya kuitengeneza, walijaribu kwanza na watu 12 katika kikundi cha WhatsApp. Watu hao walipeana chakula kweli, ndipo kazi ikaendelea.

Mwanzo huo mdogo unawezekana Mudaka. Vikundi vya WhatsApp vya familia, vya kanisa na vya likilimba viko tayari. Na kugawana chakula kuna historia ndefu huku. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa katika kambi za Inera na Kashusha. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, watu wa Goma wakakimbia. Mei 2023 mafuriko yaliharibu vijiji vya Kalehe. Februari 2025 mapigano yalifika Kavumu na Bukavu. Kila mara kuna familia zilizofungua mlango na kugawa bugali yao, hata kabla msaada haujafika.

Simu haileti chakula, inaleta habari mapema. Tangazo zuri linataja mambo manne: chakula gani, kiasi gani, kiko wapi, na kichukuliwe kabla ya saa ngapi. Maharagi, unga na ndizi vinaweza kungoja. Sambaza na chakula kilichopikwa havingoji kesho. Na kwa kuwa si kila mtu ana simu, wala mtandao haupatikani kila siku, lazima awepo mtu wa kupitisha habari nyumba kwa nyumba, na redio isaidie.

Jambo la mwisho ni heshima. Katika vikundi vya Ujerumani na London, anayepokea leo anaweza kutoa kesho. Hakuna aliyeandikwa kuwa maskini. Mhami naye ana kitu cha kutoa: mikono ya kuchambua nyanya, miguu ya kupeleka habari. Asipigwe picha akipokea kabichi. Aingizwe kikundini tangu siku ya kwanza, kwa sababu hata benki ile ya Phoenix ilitokana na neno la mama aliyekosa chakula.